Bahasha Yenye Jina Langu

Haya nayachapa kwa simu, kwa kidole gumba cha kulia peke yake, maana ndicho kilichobaki na akili. Vile vingine tisa vipo, lakini ni kama watu waliokuja matangani kula tu. Ukikuta herufi imeruka, nisamehe. Nimeamua kuandika kwa sababu nilipokuwa nikikaa kwenye benchi la hospitali na kadi yangu mapajani, nilitafuta mtu wa kunieleza mambo yatakavyokuwa, nikapata watu wa kuniambia nimwamini Mungu. Namwamini. Lakini nilitaka pia mtu wa kuniambia kwamba kucha zangu zitakuwa nyeusi.

Naitwa Kerubo, nina miaka arobaini na mmoja. Nyumbani ni upande wa Nyamira, ukishapita Keroka kidogo. Tuna majani chai na migomba, na mume wangu Mogaka ndiye anayeyashughulikia. Mtoto wetu ni mmoja, Nyaboke, ana miaka kumi na minne. Mimi kazi yangu ilikuwa kuchora nyuso za marehemu kwa maneno.

Nieleze kidogo, maana wengi hawajaona kitu hiki. Mtu akifariki, jamaa zake wananiletea picha yake na bahasha ya karatasi. Kila mmoja ameandika kwa mkono wake alivyomjua huyo mtu. Mimi nayachukua maneno hayo, nayaandika upya kwa kalamu ya ncha nyembamba, nikiiga mwandiko wa kila mmoja, na nayapanga mpaka yawe uso. Penye kivuli, chini ya kidevu na kando ya pua, nayabananisha hadi karatasi inakuwa nyeusi. Penye mwanga nayaachanisha. Ukisimama mbali unamwona babu yako. Ukisogea karibu unasoma kwenye shavu lake, kwa mwandiko wa jirani, "alinifundisha kukamua ng'ombe bila kumfunga miguu." Picha hiyo hubebwa na mjukuu mbele ya jeneza, kisha hutundikwa sebuleni.

Nilianza na baba yangu, aliyetuachia picha moja tu, ile ya kitambulisho, imefifia. Baada ya hapo watu hawakuniacha. Nilipata chumba sokoni Keumbu, nyuma ya fundi wa nguo, na miaka kumi na miwili nimeishi na wafu wa Kisii na Nyamira yote. Najua nani alipenda ndizi za kuchoma na nani hakuonana na kakake mpaka kifo. Nilijivuna, siwezi kusema uongo. Watu walikuwa wakisema mkono wangu una baraka, na mimi nikaamini kwamba mkono ndio mimi.

Uvimbe niliugundua Ijumaa alasiri nikioga kujiandaa kwa Sabato, titi la kushoto, kama punje ya harage. Tulikuwa ndio tumepanda mahindi. Nikanyamaza. Mahindi yakaota, tukapalilia, nikanyamaza. Mahindi yakatoa mbelewele, na punje ya harage ikawa kokwa ya parachichi, ndipo nikamwambia Mogaka. Tunasema mficha ugonjwa kifo humuumbua, na mimi methali hiyo nimeiandika kwenye nyuso za watu angalau mara tatu. Haikunisaidia kitu.

Walinikata wakati wa mavuno. Nilitoka hospitalini upande mmoja wa kifua umesimama na mwingine umelala, tambarare kama wa mtoto, na kovu linalowasha mvua ikikaribia. Kisha nikaambiwa kuna kemo, ile dawa ya saratani inayodondoshwa mshipani, mara nane, kila wiki tatu, mjini Kisii.

Siku ya kemo nyingi yake ni kungoja. Unangoja kupimwa uzito, unangoja damu itolewe, unangoja majibu ya damu, unangoja kiti. Kwenye benchi hilo ndipo nilipokutana na Mama Duke wa Ogembo. Alikuwa mchuma chai, mikono yake imekwaruzika, mwembamba, mdomo haufungi. Kemo yangu ya pili ilikuwa ya nne kwake. Alinitazama kitambaa changu cha kichwa akacheka.

"Wewe ndio ule mama wa Keumbu anaandika watu wamekufa?"

"Ni mimi."

"Haya. Mimi ukiniandika, kwa kichwa usiweke maneno. Wacha hapo wazi kabisa. Hii upara nimeitafuta kwa shida, watu waione."

"Nani amekuambia nitakuandika? Utanizika wewe."

"Aai, mimi sibebi jeneza, nina mgongo," akasema, na watu wa benchi lote wakacheka, hata mzee mmoja aliyekuwa na mpira puani. Niliahidi siku hiyo. Nilimwambia nitamwacha upara wake mweupe kama sahani.

Kemo nne za kwanza ni ile dawa nyekundu. Nywele zilibaki kwenye mto, halafu nyusi, halafu hata vinyweleo vya puani, na hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba bila hivyo kamasi hutiririka kama maji. Mdomo ulijaa vidonda. Obokima wa wimbi, ugali niliolelewa nao, ukawa na ladha ya msumari. Mogaka akahamia kwenye kochi sebuleni, akisema hataki kunigeukia vibaya usingizini. Nilisikia vingine. Akina mama wa kanisa walikuja, wakaimba vizuri sana, na wakati wa kuomba nilifumbua macho nikakuta wawili wamefumbua yao, wanatazama kifua changu.

Baada ya kemo ya tatu nilishikwa na homa, damu ikaisha mwilini, nikalazwa siku tisa. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza. Siku hizo sizikumbuki vizuri. Nakumbuka dirisha, na uso wa Mogaka ukija na kuondoka, na ile namna alivyokuwa akishika kofia yake kwa mikono miwili. Nilipona nikarudi nyumbani, na hakuna aliyenieleza daktari alikuwa amewaambia nini.

Kemo ya tano wakabadilisha dawa. Hii ya pili haitapishi sana, kwa hiyo nilishukuru. Kisha vidole vikaanza. Kwanza ncha zikawasha kama nimeshika upupu. Kufikia kemo ya sita, mwezi wa Desemba, vilikuwa vimekufa ganzi. Nilishika sufuria ya moto na kujua kwa harufu. Kalamu ilibidi niitazame ndipo nijue ninayo. Nilijaribu kuandika jina langu nikapata kitu kama njia ya konokono.

Kila mara sista wetu, yule muuguzi wa chumba cha kemo, aliuliza swali lile lile akiwa na kalamu mkononi. "Mama, kuna shida? Vidole? Miguu?"

"Hakuna, Sista."

Nilisema hivyo mara mbili siku hiyo, aliponipima na aliponichoma. Niliogopa kwamba nikisema, wataniambia nichague, na nilijua kila mtu angenichagulia kuishi. Mimi sikuwa na uhakika. Kuishi bila mkono ule nilikuona kama kufa, tena bila mazishi. Wewe unayesoma haya ukiwa kwenye benchi, usicheke. Ugonjwa hukupa hesabu zake, na unaziamini.

Siku ya kemo ya sita Mama Duke hakuwepo. Januari, shule zilipofunguliwa, mwanawe Duke alinipigia simu. Mama amefariki, mazishi ni Ijumaa, na yeye Duke ameshaziacha karatasi zote kwa fundi pale Keumbu. "Mama alisema uliahidi," akaniambia.

Kemo yangu ya saba ilikuwa Jumatano ya wiki ile ile. Nikichomwa Jumatano, nilijua nitalala mpaka Jumapili, na baada ya hapo vidole vingekuwa vimekwisha kabisa. Kwa hiyo nilipanga. Jumatano ningeshuka Keumbu badala ya kwenda Kisii, ningemwandika Mama Duke kwa nguvu zilizobaki, na kemo ya saba na ya nane zingejiju. Sikumwambia mtu. Asubuhi hiyo Mogaka alinisindikiza hadi barabarani na chupa ya uji. Ilikuwa siku ya kupeleka majani chai kituoni, asingeweza kuja nami. Akasimama pale mpaka gari likaondoka, na mimi nikatazama upande mwingine.

Chumbani kwangu kulikuwa na vumbi la miezi. Nina sanduku la mbao ambamo fundi huweka bahasha zinazoletwa nikiwa sipo. Ya Mama Duke ilikuwa juu. Chini yake kulikuwa na nyingine, ya kaki, imepata unyevu kidogo, na juu yake limeandikwa jina KERUBO. Mwandiko wa Mogaka naujua, herufi zake zinalala nyuma kama mtu anayevuta ng'ombe asiyetaka kwenda. Nilidhani ni barua ya mapenzi. Nilifurahi, Mungu ananiona. Nikakaa nikafungua.

Zilikuwa karatasi kumi na moja. Ya kwanza ilisema, "Alikuwa mkarimu, hakuwa na maringo kabisa." Huyo ni mke wa shemeji yangu, ambaye hajakanyaga kwangu tangu tugombanie mpaka wa migomba. Niliisoma mara mbili kabla sijaelewa ninachosoma. Ya pili ilikuwa ya mzee wa kanisa. Ya tatu ya mama mkwe, ambaye hajui kuandika. Alikuwa amechora msalaba mdogo, na mtu akamwandikia chini, "Alinipikia uji bila kuagizwa." Ya nne ya Mogaka: "Alikuwa mke wangu miaka kumi na sita. Hakuwa akiniuliza nilikuwa wapi, alikuwa akiniuliza kama nimekula."

Ndipo siku zile tisa zikanirudia, na ile kofia mikononi mwake. Walikuwa wamekusanya maneno yangu. Walifanya kama familia zote zinavyofanya siku hizi kwetu, kila mtu na karatasi yake, tena mapema, mambo yasiwashike ghafla. Halafu wakaleta bahasha kwenye sanduku langu, maana ndiko bahasha zinakopelekwa. Watu kumi na mmoja, na hapana hata mmoja aliyejiuliza nani angekuja kunichora.

Nilicheka. Nilicheka hadi fundi akauliza kupitia ukutani, "Mama Nyaboke, uko sawa huko?"

"Niko sawa, fundi."

"Sauti imekuwa ingine."

Karatasi ya mwisho ilikuwa ya daftari la hesabu, yenye miraba. Ya Nyaboke. Naiandika hapa yote, ni fupi.

"Mama alipenda sana watu waliokufa. Alijua majina yao na vitu walivyopenda. Nikitoka shule nilikuwa nikikaa mlangoni kwake Keumbu nikingoja amalize nimuonyeshe kitu. Alikuwa akisema bado kidogo. Mara nyingi alimaliza nimeshaenda nyumbani. Sikumkasirikia."

Miaka kumi na miwili nimesoma miandiko ya watu walio na uchungu, na kuna jambo moja ninalofanya kwa kila karatasi kabla ya kuanza kazi. Naigeuza nyuma nipapase kwa vidole. Mtu akiandika asichokiamini, mkono hukandamiza, na nyuma ya karatasi neno linavimba. Mjane akiandika "tulipendana", vidole vyangu hunieleza kama ni kweli. Niliigeuza karatasi ya mwanangu nikapapasa pale palipo na neno lile la mwisho.

Sikusikia chochote. Nikapapasa tena, kidole kimoja kimoja. Karatasi ilikuwa kama hewa. Ilibidi nisimame, niende mlangoni, niinamishe karatasi kwenye jua, na hapo nikaona kwa macho. "Sikumkasirikia" ilikuwa imekandamizwa mpaka karatasi ikapasuka kwenye herufi ya kwanza.

Nililia pale mlangoni, na watu wa soko wakiniona, na sikujali. Mkono niliokuwa tayari kuufia ulikuwa tayari umeondoka. Na mtoto aliyekuwa akikaa kwenye ngazi ile ile niliyosimama alikuwa bado hajaonyesha kitu chake. Alikuwa amesoma uamuzi wangu kabla sijaufanya. Nilitaka kumwacha kwa ajili ya marehemu, kwa mara nyingine, na safari hii moja kwa moja.

Bahasha ya Mama Duke nilimrudishia fundi, nikamwambia Duke atakuja kuichukua. Kisha nikaenda Kisii.

Nilifika karibu adhuhuri. Sista alikuwa ameshafunga orodha. "Mama, hii ni saa ya kuja? Tumekuita mpaka tumechoka."

"Sista, vidole vimekufa."

"Zimeanza lini?"

"Tangu ya tano."

Akaweka kalamu chini. "Na mimi nimekuuliza. Nimekuuliza na hii mdomo yangu."

"Umeniuliza."

"Sasa ulikuwa unanidanganya mimi ama unajidanganya?" Akavuta kiti akakaa mbele yangu, akachukua mikono yangu akaanza kuminya kidole kimoja kimoja, akiuliza, "Hapa? Hapa?" Nilikuwa nikimwona akiminya. Hicho ndicho ninachotaka ukumbuke, wewe unayepewa dawa hiyo: siku ncha za vidole zinapoanza kuwasha, sema siku hiyo hiyo. Daktari alinipunguzia kipimo, na akasema kama ningesema mapema angepunguza mapema. Hakunifokea. Ningependa angefoka.

Duke nilimpigia nikiwa kwenye kiti, dawa ikidondoka. Nilimwambia siwezi.

"Lakini mama alisema uliahidi."

"Niliahidi."

"Sawa, mama," akasema, akakata. Ijumaa alizikwa Ogembo na picha ya kawaida iliyokuzwa studio, ya zamani, amesukwa nywele vizuri. Nilionyeshwa baadaye kwenye simu ya mtu. Uso wake ulikuwa mtulivu sana, kama wa mtu mwingine. Mpaka leo nikiona mtu mwenye upara nageuza macho. Siombi unifariji kwa hilo, nilimkosea, na yeye ndiye mtu wa pekee aliyewahi kunichekesha mle ndani.

Kwa Mogaka nilingoja mpaka Jumapili, nilipoweza kukaa. Niliweka bahasha mezani. Aliitazama kama nyoka aliyeingia nyumbani.

"Baba Nyaboke, mngempa nani hii kazi?"

"Sikufikiria hapo." Akavua kofia. "Daktari alisema tujiandae. Mimi sijui kujiandaa kwingine. Nilikuona unavyowafanyia watu, nikafanya hivyo."

"Na mke wa ndugu yako eti sikuwa na maringo."

"Huyo nilimwambia aandike ukweli," akasema, "akaandika hivyo." Tukacheka, na katikati ya kucheka akaanza kulia, mtu ambaye hakulia hata babake alipozikwa. Usiku huo alitoka kwenye kochi.

Nyaboke ilinichukua muda zaidi. Niliogopa. Hatimaye, jioni moja akichambua mboga uani, nikamwambia nimesoma karatasi yake.

"Yote?"

"Yote. Na nyuma pia."

Akaendelea kuchambua. Anajua kazi yangu, alielewa nimeona nini.

"Ulikuwa unataka kunionyesha nini?" nikamuuliza.

"Siku gani?"

"Siku zile zote."

Akafikiri, kweli akajaribu kufikiri kwa ajili yangu, kisha akasema, "Nimesahau, mama."

Kemo ya nane niliipata Februari, jua likichoma na watu wakisubiri mvua. Sasa tumeshapanda na kuvuna tena. Nywele zimerudi, za kipilipili zaidi ya mwanzo na za kijivu. Vipimo viwili vimekuwa safi, na kabla ya kila kimoja nimekaa kwenye benchi lile lile kwa woga ule ule. Kucha zimeota upya. Vidole havijarudi. Daktari anasema wengine huchukua mwaka, wengine miwili, wengine hubaki hivyo, na ninavyomtazama anavyosema, mimi ni wa wale wengine wa mwisho. Chumba cha Keumbu nimekirudisha, sasa anauza mayai mtu mmoja kutoka Nyamira. Watu bado wananipigia, na kila mara nasema hapana. Kuna asubuhi nalia kwa ajili ya mkono huu zaidi ya nilivyolia kwa ajili ya titi. Sitakudanganya kwamba nimezoea.

Jambo moja ambalo siliwezi kabisa ni vifungo. Kwa hiyo kila asubuhi kabla ya kwenda shule Nyaboke husimama mbele yangu na kunifunga blauzi, vifungo sita, kuanzia chini. Hana haraka. Kichwa amekiinamisha, macho kwenye vifungo, na kwa sababu hanitazami ananieleza mambo: mwalimu gani ana hasira, nani amehama dawati, ndoto aliyoota. Nasimama kimya nisimkatize. Fundi wa Keumbu ameniambia nimpelekee blauzi zote atoe vifungo atie zipu, niache kusumbua mtoto. Nimemshukuru. Sijampelekea hata moja.